Mbaazi Zetu na Tumbo la Bara Hindi

Neno "fursa" ni la zamani katika lugha yetu. Wazee wa pwani walilitumia kwa maana ya nafasi apatayo mtu ya kufanya jambo, naye akiipoteza hairudi upesi. Lakini siku hizi neno hilo limeondoka mahali pake, likawa kama dawa ya kila ugonjwa. Mtu akija kijijini na karatasi mkononi, akasimama chini ya mwembe mbele ya wakulima, hawaambii habari ya udongo wala ya mvua, bali huwaambia, "Iko fursa." Na fursa kubwa kupita zote, kwa sisi tulimao mbaazi huku Nachingwea na kwa wenzetu wa Babati, ni Bara Hindi. Tunaambiwa kwamba nchi ile ina watu zaidi ya milioni 1,400, kwamba mwaka 2023 iliipita Uchina kwa wingi wa watu, na kwamba hapana nchi ulimwenguni ilimayo, ilayo na inunuayo nafaka za jamii ya kunde kuliko hiyo. Kisha twaulizwa: Ni nani aliyepata kuona tumbo kubwa namna hii likashiba?

Mimi nimeliona likishiba. Mwaka liliposhiba nilikuwa nikifundisha darasa ambalo wanafunzi wake walipungua mwezi hata mwezi, kwa kuwa magunia ya wazazi wao yalikuwa yamejaa na mifuko yao ilikuwa mitupu. Kwa hiyo naandika maneno haya. Siwakatazi watu kuuza mbaazi Bara Hindi, maana kuuza ni haki ya mkulima. Ninayoyapinga ni mahubiri ya fursa, jinsi yanavyohubiriwa.

Yapasa kwanza niwape wapinzani wangu haki yao. Si uongo kwamba Wahindi huhitaji mbaazi. Mmea wenyewe asili yake ni kwao. Wao huuita tur au arhar, nao huzikoboa mbaazi na kuzipasua, wakafanya mchuzi mzito ambao maskini na tajiri huula pamoja na wali au chapati. Kwa watu wengi wasiokula nyama, hicho ndicho chakula cha kujenga mwili. Tena si uongo kwamba mavuno yao mara nyingi hayatoshi. Sababu yake ni hii: tangu miaka ya 1960 serikali yao iliweka nguvu zake zote katika ngano na mpunga. Mkulima wa Punjab alipewa mbegu mpya, maji ya mifereji, mbolea, na bei iliyoahidiwa kabla ya kupanda. Mbaazi ziliachwa kwa wakulima wa nchi kavu, wa Karnataka, Maharashtra na Madhya Pradesh, ambao wengi wao wana shamba lisilozidi hekta 1 au 2, nao hulima kwa kutazama mawingu. Mawingu yakija, nchi hupata mbaazi. Yasipokuja, bei hupanda na wanunuzi huvuka bahari kututafuta.

Hapo ndipo ulipo moyo wa jambo lote, na wahubiri wetu hawapagusi. Njaa ya Bara Hindi kwa mbaazi si njaa ya kila siku. Ni kama kiu ya msafiri: huwa kali sana, kisha huisha kisimani. Tena ajabu ni kwamba upepo wa kusi, uleule uliopeleka majahazi ya babu zetu mpaka Kachchh na Bombay, ndio uwapelekeao Wahindi mvua yao. Ukivuma vema, sisi huku twapoteza soko.

Mambo yalivyokuwa ni haya. Mwaka 2014 mvua zao zilipungua, na mwaka 2015 zikapungua tena. Kufika Oktoba 2015 kilo moja ya mbaazi zilizopasuliwa ilikuwa karibu rupia 200 katika maduka ya miji yao, hata watu wakanung'unika barabarani na wakubwa wakaogopa. Mwezi wa Julai 2016 Waziri Mkuu Narendra Modi alizuru Msumbiji, Afrika Kusini, Tanzania na Kenya. Huko Msumbiji ulitiwa sahihi mkataba: Bara Hindi itapokea tani 100,000 za mbaazi katika mwaka wa kwanza, zikiongezeka hata zifike 200,000 katika mwaka wa tano. Habari ile ilivuka Ruvuma mbio kuliko posta. Huku kwetu kilo ilikuwa imepita shilingi 2,000, na mtu aliyeuza gunia 10 alijenga nyumba ya bati. Ndipo wakaja wahubiri. Nawakumbuka vema, nao walikuwa watu wa adabu, wenye viatu vizuri. Mwezi wa Desemba mwaka ule, wakati wa kupanda, nilimwona jirani yangu, mzee mwenye busara katika mambo mengine yote, aking'oa mahindi machanga kwa mikono yake ili apate nafasi ya mbaazi. Nilimwuliza, "Babu, watoto watakula nini?" Akanijibu, "Mwalimu, watakula shilingi."

Sasa tuvuke bahari tutazame Desemba hiyohiyo kwa wenzetu. Mkulima wa Karnataka hupanda mbaazi mwezi wa Juni au Julai, mvua inapoanza, naye huvuna tangu Desemba na kuendelea. Yeye pia alikuwa ameona bei ya mwaka 2015. Yeye pia alikuwa amepewa moyo, kwa kuwa serikali yake ilimwahidi rupia 5,050 kwa kila kilo 100. Basi akapanda mbaazi tele, na mvua ya mwaka 2016 ikawa njema. Mavuno yao ya mbaazi, yaliyokuwa tani milioni 2.56 katika msimu wa 2015/16, yakawa tani milioni 4.87 katika msimu wa 2016/17. Bei katika masoko yao ikaanguka chini ya ile iliyoahidiwa, na mkulima wa huko akalia kama alivyokuja kulia wa huku. Mwezi wa Machi 2017 wakaweka ushuru wa asilimia 10 juu ya mbaazi za kigeni. Na tarehe 5 Agosti 2017, sisi tukiwa shambani tunavuna, wakatangaza kwamba kwa mwaka mzima hazitaingia zaidi ya tani 200,000 kutoka nchi zote za dunia, isipokuwa zile za mkataba wa Msumbiji.

Msomaji azipange tarehe hizo ajionee mwenyewe. Siku mzee yule alipong'oa mahindi yake, mbaazi zitakazomfilisi zilikuwa zimekwisha kukomaa katika mashamba ya Karnataka. Hazikuwa siri. Kufika Februari 2017 bei ya huko ilikuwa inashuka mbele ya macho ya ulimwengu wote. Aliyekuja kutuambia hakuonekana. Wale waliokuja Desemba na bei ya mwaka uliopita hawakurudi Februari na bei ya mwaka ule. Agosti na Septemba mnunuzi mmoja aliyetufikia alitoa shilingi 200 kwa kilo, naye alisema atufanyia hisani. Wengine waliuza. Wengine waliziacha ghalani hata fukusi wakazila, na yule mzee alikuwa mmoja wao.

Baada ya hasara hiyo watu wetu waligawanyika makundi mawili, nami sina urafiki na kundi lolote kati ya hayo.

Kundi la kwanza husema, "Mhindi ametudanganya." Neno hili nalisikia hata leo vilabuni na hata, nasikitika kusema, katika vyumba vya waalimu. Ndugu zangu, yule alitudanganya nini? Hakutupa mkataba; alimpa Msumbiji, na mkataba wa Msumbiji aliuacha nje ya kizuizi. Alilofanya ni lile ambalo baba wa nyumba hulifanya: alipoona watoto wake wana chakula tele na mkulima wake anaumia, alifunga mlango. Na nchi ile ina sababu ya kufanya hivyo kuliko nchi nyingi. Mwaka 1943 njaa ya Bengali iliua watu milioni 2 hata 3. Miaka ya 1965 na 1966 mvua ziliposhindwa, waliishi kwa ngano ya Marekani, na Rais Johnson aliitoa shehena kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, apate kuwashurutisha katika mambo ya siasa na ya kilimo. Watu waliopata kula kwa namna hiyo hawasahau. Mwaka 1966 walinunua tani 18,000 za mbegu ya ngano fupi kutoka Mexico, ile aliyoizalisha Norman Borlaug. Mtaalamu wao M. S. Swaminathan akaieneza, shirika lao la chakula, lililoanzishwa mwaka 1965, likajenga maghala na kununua mavuno. Ilikuwa kazi ya Yusufu katika Misri, nao waliifanya wao wenyewe. Leo kwa sheria yao ya mwaka 2013 theluthi mbili za watu wao wana haki ya kilo 5 za nafaka kila mwezi.

Mwenye kuelewa hayo hatashangaa kuona jinsi mlango ule unavyofungwa, si kwa waingiao tu bali hata kwa watokao. Tarehe 13 Mei 2022 walizuia ngano isiuzwe nje. Tarehe 20 Julai 2023 walizuia mchele mweupe wa kawaida, nao ndio wauzao karibu asilimia 40 ya mchele wote unaouzwa baina ya nchi. Hawakuufungulia tena mpaka Septemba 2024. Wala mtu asidhani kwamba mambo hayo yalikuwa ya mbali nasi, maana mchele wa Bara Hindi huliwa Mombasa na Nairobi. Desturi yao, basi, ni moja, nayo haifichwi: kwanza nyumba yao, kisha biashara. Mimi siwezi kuilaumu. Laiti nasi tungekuwa nayo!

Kundi la pili ndilo la wahubiri wenyewe, nao wamerudi. Husema, "Yale ya 2017 yamepita. Mwezi wa Mei 2021 mlango ulifunguliwa tena; Bara Hindi sasa inanunua kuliko zamani." Ni kweli, ulifunguliwa, na katika mwaka wa 2024/25 waliingiza zaidi ya tani milioni 7 za nafaka za jamii ya kunde za kila aina. Lakini ruhusa hiyo ya mbaazi tangu ilipotolewa imekuwa ikiongezwa mwaka hata mwaka, kama mpangaji apewaye chumba kwa mwezi. Tena mwenye nyumba amekwisha kutuonya. Mwezi wa Januari 2024 waziri wao Amit Shah alisema mbele ya watu kwamba nchi yake itajitosheleza kwa nafaka hizo kufika Desemba 2027, na kwamba tangu Januari 2028 haitaingiza hata kilo moja. Mwaka 2025 serikali yao ilitangaza mpango wa miaka 6 kwa ajili ya jambo hilo, nao umetaja mbaazi kwa jina. Wakulima waliojiandikisha wameahidiwa kwamba mazao yao yatanunuliwa kwa muda wa miaka 4. Huenda wasifaulu. Mvua haisikii amri ya waziri. Walakini mnunuzi akikuambia kwa kinywa chake siku atakayoacha kununua, nawe ukaenda kumwambia jirani yako apande zaidi kwa ajili yake, hiyo si fursa tena.

Sisi watu wa Nachingwea tungalipaswa kuwa wagumu kudanganyika kuliko watu wote. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, kwa kuwa watu wake walipungukiwa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza kulima karanga hapa kwetu, na Kongwa, na Urambo. Walikusudia kufyeka ekari zaidi ya milioni 3. Walileta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuja huku. Hesabu ya njaa ya watu wao waliijua hata tone la mwisho la mafuta. Lakini mvua ya Kongwa hawakuipima, wala udongo wake, ambao jua likiupiga huwa kama saruji. Mwaka 1951 kazi iliachwa, na paundi milioni 36 hivi zikafutwa katika vitabu. Bandari ipo; reli iling'olewa. Wale walikuwa na fedha za kupoteza. Mzee aliyeng'oa mahindi yake hakuwa nazo.

Kosa lao na kosa la wahubiri wetu ni moja: kuhesabu matumbo na kudhani kwamba hayo ndiyo maarifa. Idadi ya watu wa Bara Hindi mtoto wa darasa la 5 aweza kuitaja. Mwenye kutaka kumwongoza mkulima hana budi kujua mengine: mwaka huu wamepanda hekta ngapi, mvua imekuwaje, ahadi ya bei yao ni rupia ngapi, ruhusa ya kuingiza yaisha lini. Habari hizo hazifichwi. Wizara yao ya kilimo hutangaza eneo lililopandwa, tangu Juni na kuendelea. Kufika Oktoba mambo hayo yote yanajulikana, na sisi hatupandi mpaka Desemba. Miezi 2 yatosha kwa barua kufika kijijini hata kwa miguu! Nasi waalimu tusijitoe katika lawama hii. Twawafundisha watoto mji mkuu wa Bara Hindi na jina la mto Ganga, wala hatuwafundishi kwamba mvua ya Julai ya huko yaweza kuamua karo yao ya Januari.

Nitaulizwa, "Basi tulime nini?" Tulime mbaazi. Ni mmea wa kupendeza: mizizi yake hushuka chini sana hata ikanywa maji ambayo mahindi hayayafikii, majani yake huanguka yakawa mbolea, na vifundo vya mizizi yake hutia nguvu ardhini. Mbegu njema tunazo, kama Mali na Tumia, na ile ya Mali huvumilia ugonjwa wa mnyauko. Lakini ipandwe katikati ya mahindi, kama walivyopanda mama zetu, ili bei ikifa mtu abaki na unga ndani na ardhi iliyonona nje. Ninalolikataa ni shamba la mbaazi tupu lililolimwa kwa mkopo.

Tena tuzile. Jambo hili huchekesha watu, wala sioni sababu. Pwani mbaazi za nazi na mahamri ni chakula cha asubuhi cha waungwana. Wakamba wa Machakos na Kitui huziita nzuu na kuzila mwaka mzima. Wamalawi huziita nandolo. Ila sisi wa bara tuzilimao kwa magunia twaziona kuwa ni mali ya meli. Zaidi ya sehemu moja katika tano ya mbaazi kavu ni chakula cha kujenga mwili. Mwaka 2017 ghala zilijaa mbaazi, na chakula cha mchana cha watoto wangu kilikuwa ugali na mchicha. Kwa nini jiko la shule lisinunue gunia 20 kwa wakulima wa kijiji kilekile, kwa bei iliyopatanwa kabla ya kupanda? Soko la namna hii ni dogo, nakiri, lakini halitegemei kusi.

Kadhalika tukoboe. Mbaazi nzima haina mnunuzi ila mwenye kinu cha kuikoboa na kuipasua, na vinu hivyo viko huko. Kwa hiyo twamfuata yeye. Zilizopasuliwa zaweza kuuzwa Dar es Salaam, Nairobi, na nchi za Ghuba ambako Wahindi ni wengi. Habari ya korosho zetu, ambazo nyingi husafiri na maganda yake kwenda Bara Hindi na Vietnam, naipita; kila msomaji wa kusini anaijua, nayo yaumiza.

Na mkataba tuudai. Msumbiji walikuwa nao mwaka 2016; Malawi walipata wao mwaka 2021, wa tani 50,000 kila mwaka. Sisi mwaka 2017 hatukuwa na karatasi kama hiyo ya kumwonyesha mtu. Sisemi kwamba mkataba huponya kila kitu, maana huahidi kiasi na hauahidi bei, na mkulima wa Msumbiji naye aliona bei ikianguka mwaka ule. Wengine watanijibu kwamba tuna stakabadhi ghalani na minada, na kwamba mlanguzi hana nguvu tena. Ni hatua njema, nami naisifu. Mizani ni ya kweli kuliko ile ya zamani. Lakini mnada huwashindanisha wanunuzi waliopo. Mwaka ambao Bara Hindi haimtumi mnunuzi, dalali apige kengele amwite nani?

Chama chetu cha msingi kimekubali kwamba tangu mwaka huu, kila Oktoba, habari zile nne zitaandikwa kwa chaki katika ubao wa ghala: hekta walizopanda, mvua yao, bei waliyoahidiwa, na tarehe ya mwisho ya ruhusa. Mwanafunzi mmoja wa darasa la 7 ndiye atakayeandika. Akija tena mtu wa fursa, ataonyeshwa ubao huo kabla hajafungua karatasi yake, naye aulizwe kama ana neno la kuongeza. Asipokuwa nalo, na apewe maji ya kunywa, aende zake salama.